Diski ya Siku ya Hina

Siku ya soko pale Tarime, hakuna mtu mwenye akili timamu anayepita upande wa stendi akiwa amevaa viatu vyeupe. Kauthar alipita. Alikuwa na baibui jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, mtandio wa zambarau, na viatu vyeupe kama chaki mpya. Kifuani alikumbatia kitu kilichofungwa ndani ya kipande cha kanga, kwa namna watu wanavyobeba mayai. Bodaboda mmoja aliyepakia mbuzi akakata kona bila kuomba ushauri wa mtu. Mbuzi akalia, Kauthar akaruka, na alipotua alijikuta ndani ya kibanda cha Imrani Nyangwine, amekanyaga waya wa umeme, na runinga iliyokuwa ikiunguruma filamu ya mapigano ikazima.

Vijana waliokuwa wakiangalia bure pale mlangoni wakaguna kwa pamoja, mguno wa msiba.

"Dada, umemuua shujaa wakati ndiyo anataka kulipiza kisasi," alisema Imrani akiinama kuuchomeka waya.

"Atafufuka ukichomeka. Mashujaa wenu hawafi."

Imrani akainua kichwa. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi mbele tu, kwa kuwa mgongo wake, kwa maoni yake, uliwahusu watu wengine. Akamtazama yule binti, akasahau kuchomeka. Historia haina budi kueleza kwamba shujaa yule wa runinga alikaa maiti kwa muda mrefu sana siku hiyo.

"Unachoma diski hapa?" Kauthar aliuliza.

"Nachoma, nanakili, naingiza kwenye flashi. Diski zenyewe hazina watu siku hizi, kila mtu ana simu. Una nini humo?"

Kauthar aliangalia mlangoni. Vijana wote walikuwa wameacha kuangalia runinga na kuanza kumwangalia yeye, wa kwanza wao akiwa Evance, fundi simu wa kibanda cha jirani, mtu aliyejaliwa mikono myepesi na mdomo usio na breki.

"Karibu shemeji," alisema Evance.

"Shemeji wa nani?"

"Tutajua baadaye. Mambo ya Mungu."

"Evance, nenda ukafungue simu za watu," Imrani akamfukuza, kisha akashusha sauti. "Sema, dada. Hapa ni kama hospitali. Siri za mgonjwa zinabaki kwa daktari."

Kauthar akafungua kanga. Ndani kulikuwa na diski moja ya DVD, nyeupe juu, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: *Hina ya Shamsia*. Chini yake ilikuwa na mikwaruzo kama uso wa ubao wa darasa lisilo na zamu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Dada yake, Shamsia, aliolewa kule Mugumu wakati Kauthar yuko bweni, kidato cha nne, na shule ikamnyima ruhusa kwa sababu ya mitihani. Siku ya hina walikuwa wanawake pekee, mashangazi na majirani, milango imefungwa, mitandio imevuliwa. Mama yao, Bi Kuruthumu, mwenyeji wa Pangani aliyeletwa bara na mumewe mfanyabiashara wa vitambaa, akasimama katikati akacheza. Halafu akaigeukia kamera akamwambia jambo Kauthar wake aliyekuwa mbali. Kabla shule hazijafungwa Bi Kuruthumu aliugua, akafariki. Mpiga picha, mama mmoja aitwaye Teresia, alishahama na kamera yake. Ikabaki diski hii tu.

"Alisema nini?" Imrani aliuliza.

"Ndiyo maana niko hapa. Shamsia alikuwa amefunikwa, hakusikia vizuri. Na diski kila ikifika pale mama anaposimama, inakwama. Deki inalia kwirr, kwirr, basi. Sijawahi kuona. Sijawahi kusikia. Nataka sauti ya mama yangu. Lakini kuna sharti."

"Taja."

"Usiangalie. Mama yangu hajavaa mtandio mle ndani, na mashangazi zangu pia. Kaburini hawezi kujifunika tena kwa mikono yake. Ukiangalia, mimi ndiye niliyemvua."

Maneno hayo yalimwingia Imrani mahali ambapo mizaha haifiki. Alijifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea diski.

"Sikiliza," alisema. "Kuna kunakili kwa namna mbili. Ya kwanza nafungua diski, naona kilichomo, nachagua. Ya pili sifungui kitu. Kompyuta inaisoma diski yote kama ilivyo, kutoka katikati kwenda ukingoni, na kuiweka yote ndani ya faili moja kubwa. Tunaliita ISO. Ni picha ya diski yenyewe, siyo picha ya watu waliomo. Mimi nitaona namba zinapanda tu, kama mita ya pampu ya petroli."

"Na kuliangalia hilo faili?"

"Unalibofya kwenye kompyuta. Inadanganyika, inadhani umeweka diski ya kweli, inacheza."

"Kwa hiyo ni udanganyifu."

"Udanganyifu wa halali kabisa."

Kauthar alitabasamu kwa mara ya kwanza, na Imrani akaona mwanya katikati ya meno yake ya mbele. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumsaidia.

Diski ile ilikuwa mbishi. Draivu, kile kisoma-diski cha kompyuta, iliisoma kwa kunung'unika, ikasimama, ikarudi nyuma, ikaanza tena. Kauthar alikuwa akiuza vitambaa katika duka la baba yake mdogo na mlezi wake, Mzee Shaaban, upande wa pili wa soko, na ghafla soko zima likaonekana kuwa njiani kwake. Akienda kununua vocha, anapitia kibandani. Akienda kuswali, anapitia. Siku moja alipitia akiwa anatupa taka.

"Mgonjwa anaendeleaje, daktari?"

"Presha imeshuka. Ila anamuulizia mwenye viatu vyeupe."

"Mwambie mwenye viatu vyeupe ana kazi zake."

"Nimemwambia. Amekataa kula."

Jioni wakipigiana simu walizungumza hadi salio likate. Kauthar alimsimulia jinsi mama yake alivyokuwa akipika huku akiigiza sauti za majirani. Imrani alimsimulia jinsi alivyofukuzwa chuo cha ufundi kwa kufungua redio ya mkuu wa chuo bila kuombwa. Walicheka. Waliitana mpenzi kwa mzaha kwanza, kisha mzaha ukaisha na neno likabaki.

Siku ya kuamkia safari yake ya Mugumu, kwa ajili ya hitima ya mama, Kauthar alikuja akakaa kwenye kiti cha plastiki kusubiri. Namba zilipanda, zikakwama. Draivu ikalia kwirr. Kwenye kioo kikatokea kisanduku kidogo: sehemu hii haisomeki, je, programu iiruke?

Imrani alikiona. Kwa filamu za mapigano alikuwa akibonyeza "ruka" hata bila kusoma, kwa kuwa mteja akikosa ngumi mbili tatu halii. Alimtazama Kauthar, aliyekuwa amejifunga mtandio upya na kufunga vitu vyake vya safari, macho yanang'aa. Aliona jinsi atakavyotabasamu akikabidhiwa. Akabonyeza ruka. Namba zikaanza kukimbia vizuri, zikafika mwisho.

"Imekamilika?" aliuliza Kauthar.

"Imekamilika, mpenzi."

Akamwekea faili kwenye flashi, akamrudishia diski ndani ya kanga yake, kisha, mbele ya macho yake, akafuta nakala iliyobaki kwenye kompyuta, akafuta na pipa la taka. Alifanya hivyo kwa heshima kubwa, kama kiranja anayeshusha bendera. Kauthar alimgusa begani kwa ncha ya vidole, mara moja tu, akaondoka.

Bega lile halikuoshwa siku hiyo.

Ijumaa, Imrani alikwenda msikitini, akaacha simu inachaji kwa Evance. Simu ikaita. Mtu mwenye busara angeiacha iite. Evance akaipokea.

"Haloo, shemeji!"

"Evance? Imrani yuko wapi? Hii flashi nimeichomeka kwenye runinga ya Shamsia, inasema hakuna kitu."

"Aah, Imrani yuko ndani, shemeji, hasumbuliwi. Anarudia ile video yenu ya akina mama. Tangu asubuhi hajala! Anasema kuna mama mmoja humo anacheza balaa!"

Evance alicheka sana; habari za diski alikuwa amezisikia siku ile ile kupitia bati linalotenganisha vibanda. Hiyo ndiyo aina ya utani wake, ule wa kumwaga maji kitandani kwa mwenzako halafu kumwita mtunza bweni. Upande wa pili wa simu hakukuwa na kicheko.

"Kasema kuna mama anacheza?" Kauthar aliuliza polepole.

"Natania, shemeji!" alisema Evance, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Imrani aliporudi na kofia yake mkononi, Evance akamwambia tu, "Shemeji kapiga. Runinga haisomi." Mengine aliyameza, kwa kuwa yalianza kuonekana kwake si ya kuchekesha kama alivyodhani.

Imrani akapiga.

"Runinga haiwezi kusoma ISO, mpenzi, kosa langu sikukukumbusha. Kuna laptopu hapo?"

"Ipo ya Shamsia." Sauti ya Kauthar ilikuwa kama maji ya mtungi uliosahaulika nje.

"Una nini?"

"Sina kitu. Niambie nifanye nini."

"Chomeka flashi. Utaona faili moja kubwa, libofye mara mbili. Itatokea draivu mpya, kama vile umeweka diski. Ifungue, cheza."

Imrani aliyasikia yote kwenye simu. Mashangazi walikaa, mtu akawanyamazisha watoto. Ngoma zikaanza, vigelegele, mtu akaimba, na mashangazi wa leo wakaitikia pamoja na mashangazi wa miaka ile. "Huyo Kuruthumu! Anainuka, anainuka!" sauti moja ilisema. Imrani alikuwa amefumba macho kibandani, utadhani yeye ndiye anayeangalia.

Halafu ngoma ikakatika. Hapo hapo zikasikika sahani na vijiko, na mtu kwenye video akiuliza nani hajapata nyama.

"Rudisha nyuma," ilisema sauti ya Shamsia. Ngoma. Vigelegele. Anainuka. Sahani.

"Imrani."

"Naam."

"Umemkata mama."

"Hapana. Kauthar, hapana, sikiliza. Kuna sehemu haikusomeka, programu imeiruka—"

"Programu ilijuaje mama anaposimama? Imeacha pilau, imeacha sahani, imeacha mpaka paka anayepita. Imemtoa mama peke yake."

"Ndipo diski ilipochubuka. Ndipo ilipokuwa inakwama siku zote!"

"Kwa hiyo ulijua pamerukwa ukaniambia imekamilika."

Imrani akafumbua macho.

"Ulimwona," alisema Kauthar, na sasa alikuwa analia, kilio cha chini kisichotaka mashangazi wakisikie. "Ulimwangalia, ukamkata, ukabaki naye. Rafiki yako kaniambia. Mimi nimekuletea mama yangu amefungwa kwenye kanga, na wewe umemweka kwenye kompyuta ya stendi."

Simu ikakatika. Alipoipiga tena, haikupatikana. Haikupatikana kesho yake wala keshokutwa.

Kauthar hakurudi Tarime. Mzee Shaaban alipoulizwa na kijana mrefu aliyejifanya anatafuta kitambaa cha suruali, alisema binti amebaki kwa dada yake Morotonga, kule Mugumu, hajisikii vizuri, na je, kijana anataka mita ngapi? Kijana alinunua kitambaa cha mapazia kwa bahati mbaya, akaondoka.

Kibandani aliweka filamu bila sauti. Hakula chipsi. Mtu alimletea diski ya mahafali, akairudisha. Usiku wa roho yake ulikuwa mchana kweupe, watu wanapita, mbuzi wanalia, jua linachoma bati, na yeye amekaa akiitazama ile draivu. Kitu kimoja kilimtafuna kuliko vyote: hakuwa na namna ya kuonyesha kwamba hakuona. Aliyeona anaweza kueleza alichokiona. Asiyeona anaeleza nini?

Hatimaye Evance akaja, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mura, ndugu yangu, kuna jambo."

Akalisema. Imrani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akamshika Evance ukosi, akamsogeza ukutani, na kwa dakika nzima haikujulikana kama stendi ya Tarime itashuhudia mauaji au nini. Evance hakujitetea. Mwishowe Imrani akamwachia.

"Wewe ulitania," alisema. "Mimi ndiye niliyebonyeza ruka. Leta draivu zako zote mbovu. Zote, hata za zile kompyuta ulizofukia chini ya meza."

Alizitia kwenye mfuko wa salfeti, pamoja na kompyuta yake iliyofungwa blanketi, akapanda gari la Mugumu linalopitia Nyamongo. Barabara iliwarusha kutoka Kerende na kuendelea, vumbi likawa jekundu, mama mmoja akamwuliza kama anahama. "Sijui bado, mama," alijibu, na hilo lilikuwa jibu la kweli kuliko yote aliyowahi kumpa abiria mwenzake.

Nyumba ya Shamsia, Morotonga, ilikuwa na ukuta wa rangi ya krimu na waridi mlangoni. Shamsia, aliyekuwa nesi, alikuwa ndiyo ametoka zamu, bado na sare yake nyeupe, sweta la bluu mabegani. Alimtazama mgeni kuanzia vumbi la nywele hadi vumbi la viatu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi."

"Ndiye mimi."

"Una ujasiri, au huna akili. Kaa hapo barazani nikamuulize kama nikufukuze."

Kauthar alitoka mwenyewe. Alikuwa amevaa dera la kijani lililofifia, mtandio mweusi, macho yamevimba. Hakuketi.

"Nijibu jambo moja. Uliangalia?"

"Sikuangalia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na hilo ndilo kosa langu." Imrani alikuwa amesimama, mfuko wa draivu miguuni. "Ukinakili diski, lazima uicheze mwanzo mpaka mwisho uhakikishe. Kazi ndivyo ilivyo. Mimi sikucheza, kwa ajili ya ahadi. Sawa. Lakini programu iliponiambia kuna sehemu haisomeki, ningekwambia. Tungekaa wewe uangalie, mimi nigeuke. Sikusema. Nilitaka uniondokee ukiwa unacheka. Nilitaka unione mzuri kuliko nilivyotaka kazi yako iwe nzuri."

Shamsia, pale dirishani ambapo hakuwa anasikiliza hata kidogo, alivuta pazia vizuri.

"Na Evance?"

Imrani akapiga simu, akaiweka sauti ya nje. Evance akapokea kwa mlio wa kwanza.

"Shemeji... dada Kauthar. Mimi ni mjinga. Imrani alikuwa msikitini. Ile video sijui hata ina rangi gani. Nilidhani utacheka. Mama mzazi, nisamehe. Nimemwambia Imrani anipige, amekataa, na hilo limeniuma zaidi."

"Ungepigwa kweli," alisema Kauthar.

"Nakubali, dada."

Kauthar akakata simu, akakaa kwenye ngazi, mbali na Imrani kwa urefu wa mtu aliyelala.

"Diski iko wapi?" Imrani aliuliza.

"Iko kwenye kanga yake. Itasaidia nini? Ni ile ile."

"Diski ni ile ile, macho ni tofauti. Kila draivu ina jicho lake. Pale moja inapopofuka, nyingine inaweza kuona kidogo. Programu inachukua vipande vya kila moja, inavijaza kwenye faili lile lile, mahali palipo na pengo. Siahidi kitu. Leo siahidi kitu kabisa."

Walifanya kazi sebuleni, milango wazi, Shamsia akipita kila mara na sufuria isiyokuwa na kitu. Imrani aliifuta diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, taratibu. Draivu ya kwanza ikalia ikakata tamaa. Ya pili haikuzunguka hata mara moja. Ya tatu ikasoma kipande, pengo likapungua. Umeme ukakatika, wakakaa kimya wakisikiliza kuku wa jirani, umeme ukarudi, wakaanza upya. Kauthar alishika taa ya simu akimmulikia nyaya, na mikono yao ilikaribiana mara nyingi bila kugusana.

Draivu ya mwisho ilikuwa kuukuu, ya rangi ya meno ya mvuta sigara, kutoka kompyuta iliyoletwa kupitia mpaka wa Sirari enzi hizo. Iliunguruma kama mashine ya kusaga. Pengo likapungua, likapungua, halafu likakataa kupungua tena.

"Imebaki kidogo," alisema Imrani. "Hicho hakitarudi. Sikudanganyi tena. Cheza uone tumepata nini."

Akalibofya faili, draivu ya kudanganya ikatokea. Kisha akasimama, akakigeuza kiti chake, akakaa akiangalia ukuta. Kulikuwa na kalenda ya kampuni ya mbolea. Akaikazia macho.

Ngoma. Vigelegele. "Huyo Kuruthumu! Anainuka!"

Ngoma ikaendelea.

Nyuma yake alisikia Kauthar akivuta pumzi. Sauti ya video ilikatika kidogo, ikarudi, ikakwaruza. Miguu ilikanyaga sakafu. Wanawake walicheka kwa kelele ya kupaliwa. Shamsia alikuwa ameingia na sufuria yake, akasimama. Halafu sauti moja, ya karibu sana, nzito, yenye kuhema:

"Kauthar, mwanangu! Hao walimu wako wamekunyima ruhusa, sina la kuwafanya. Nimekufichia biriani kwenye hotipoti ya bluu, chini ya kitanda. Shangazi zako hawajui. Na haya niliyocheza hapa, baba yako asiyasikie, ataniambia nimezeeka vibaya!"

Kicheko. Sahani.

Shamsia akaweka sufuria mezani.

"Ile biriani niliila mimi," alisema. "Asubuhi yake. Niliiona chini ya kitanda, nikadhani wameniwekea mimi, bibi harusi."

Kauthar alianza kucheka, kicheko kikageuka katikati, na wote wawili wakawa wanalia kwa nguvu, mmoja na sare ya unesi, mwingine na dera. Imrani aliendelea kuitazama kalenda ya mbolea mpaka herufi zikawa na maji.

Shamsia akaenda kunawa uso.

"Uso wake haujatoka wote," alisema Kauthar. "Anapogeuka, picha inavunjika, kunajaa vigae vya rangi. Naona mikono, naona kanga, nasikia. Uso hapana."

"Nisamehe."

"Usiombe tena. Sauti ndiyo niliyoifuata. Ungependa kumwona?"

"Sina ruhusa."

"Njia ipo moja." Alisema hayo akiitazama laptopu, siyo yeye. "Mwanamume akinioa, mama yangu anakuwa kama mama yake. Angemwona kichwa wazi, isingekuwa dhambi. Mashangazi angefumba macho."

Masikio ya Imrani yalipata moto mpaka kwenye ncha.

"Kauthar, njia hiyo ningeipita leo, kwa miguu, na huu mfuko kichwani. Ila kuna tatizo."

"Tatizo gani?" Sauti ikashuka.

"Mzee Nyangwine, baba yangu, ni Mkurya. Amesilimu, lakini mila hazikusilimu zote. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, anachepuka majanini mpaka apite. Baba alimkimbia bibi yangu miaka yote, hata siku bibi alipomletea ndizi. Kwa hiyo hata nikikuoa, dini ikiniruhusu, mimi nitakaa hivi hivi, naangalia mbolea."

Nyuma yake ilitoka sauti ambayo alikuwa hajaisikia tangu siku ile ya flashi. Kauthar alikuwa anacheka, bila machozi safari hii.

"Kwa hiyo tangu siku nakuletea diski, ulikuwa unamfanyia mama yangu adabu ya mkwe."

"Bila kujua. Ila posa ndiyo imechelewa."

"Posa haiji kwa mgongo, Imrani Nyangwine. Inakuja kwa wazee, Mzee Shaaban yuko dukani kila siku."

"Atadhani nimefuata mapazia."

"Mwambie umenifuata mimi."

Alimsikia akivuta kiti. Akakiweka nyuma ya kiti chake, mgongo kwa mgongo, yeye akitazama kioo na Imrani akitazama ukuta. Akarudisha video nyuma kidogo. Ngoma ikaanza tena, na ilipofika mahali pa vigae vya rangi, Kauthar akaisimamisha.

"Usigeuke," alisema. "Hapa hata mimi sioni, kwa hiyo nakusimulia kwa kichwa." Akatulia, akitafuta pa kuanzia. "Mama ana mwanya, hapa mbele."